Saa Tisa ya Kweli

Mtaa wa maduka ya jumla ulikuwa umeziba asubuhi ile, na aliyeuziba alikuwa yeye. Lori la ghala lake lilisimama katikati ya barabara, mlango wa nyuma wazi, makabati yamepangwa kando ya mtaro, meza ziko juu ya lami, viti vimepandana hadi kwenye ngazi za duka la vitambaa. Yote hayo kwa ajili ya kitanda kimoja. Mteja alitaka kitanda chake, na kitanda kilikuwa ndani kabisa, kimeegemea upande wa dereva, na hapakuwa na njia ya kukifikia ila kuteremsha kila kitu kwanza.

Honi zililia mbele na nyuma. Yeye alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, gauni la kwenda kuonana na wateja wakubwa, na sasa lilikuwa na vumbi la makabati hadi mabegani. Mwenye kitanda, mama mmoja aliyejaliwa sauti, alikuwa akimweleza kila mpita njia kwamba huyu ndiye Bi Kesho, mwenye ghala la samani za kesho. Jina hilo hakulitafuta. Miaka yote mtu akiuliza mzigo wake pale ghalani aliambiwa kesho, na kesho ikifika akaambiwa kesho tena. Basi shangazi yake alipomkabidhi funguo, watu wakamkabidhi na jina.

Kutoka lori la nyuma yake akashuka kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, funguo nyingi zikining'inia kiunoni. Aliyatazama makabati, akalitazama lori, kisha akamtazama yeye.

"Nani kalipakia gari hili?"

Angeweza kumsingizia dereva. Ulimi ulikuwa tayari. "Mimi," akasema. "Una neno jingine?"

"Kinachoshuka mwisho ndicho kinachopanda kwanza, dada. Ni hilo tu."

Aliudhika kwa sababu yule mtu alikuwa na haki, na akaudhika zaidi alipomwona anakunja mikono ya shati na kushika upande mmoja wa kabati. Walifanya kazi pamoja bila maneno mengi mpaka kitanda kikatoka. Wakati wa kurudisha vitu kijana alimweleza kuwa yeye ndiye mpangaji wa safari katika yadi moja ya malori, na kwamba wenzake humwita Dakika, kwa kuwa akisema dakika kumi nafika, anafika. Akauliza na yeye anaitwaje.

"Umeshasikia wanavyoniita."

"Dakika na Kesho," alisema huku akijifuta jasho. "Basi hapa pana kazi."

Yeye hakucheka. Alipanda lori, akafunga mlango kwa nguvu, na walipokata kona akajikuta anatabasamu peke yake, jambo lililomkera mpaka wakafika ghalani.

Na ghalani kulikuwa na la kukera zaidi. Shangazi alikuwa ofisini, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juu ya kiti, fimbo mapajani. Alipokea shikamoo yake, akamwambia aketi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa saruji aliyelitaka jengo lote. Hakuhitaji samani wala mafundi wala wapakiaji. Alitaka paa na sakafu. Shangazi alikuwa amechoka kupigiwa simu za watu wanaolia.

"Mimi sikuchukii, mwanangu," alisema. "Ila nimezeeka na makelele. Una kazi ya ile hosteli ya wanafunzi. Vitanda, magodoro, makabati, majengo mawili. Ikienda sawasawa, ghala ni lako uliendeshe utakavyo. Ikienda mrama, nampa mtu wa saruji funguo, nawe utafute kazi kwa watu."

Alitoka nje akasimama kati ya mistari ya vitanda. Humu ndimo alimolelewa baada ya baba yake kufariki. Alijifunza kusoma kwa vibandiko vya makasha, na mchana wa joto alilala juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni, akiamka na mistari mashavuni. Harufu ya vanishi ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwake. Hakuwa tayari kuiona ikifukiwa na saruji.

Ndipo akajiandikisha chuoni, kozi fupi ya misingi ya ugavi na usafirishaji wa bidhaa, kila Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza alifika mwalimu ameshaanza. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, mstari wa mbele, na kando yake alikaa mtu wa shati jeupe.

"Kesho imefika leo," Dakika akamnong'oneza.

"Nyamaza nisome."

Mwalimu alikuwa mama mnene wa makamo, aliyeendesha bohari kubwa karibu maisha yake yote, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alifundisha kwa sauti ya mtu anayehesabu mizigo: bidhaa inayotakiwa, mahali panapotakiwa, wakati unaotakiwa, na katika hali ile ile iliyoagizwa. Darasani kila kitu kilikuwa chepesi kama kumenya ndizi. Ikifika Jumatatu, Bi Kesho huenda ghalani na maarifa yake mapya, akakutana na Mnyapara. Huyo alikuwa mkuu wa wapakiaji tangu enzi za baba yake, na alikuwa na kanuni moja tu ya kupakia: vizito kwanza, vyepesi mlangoni. Ukimwambia hiki kitashuka mwanzo, basi kipande mwisho, hukubali kwa kichwa, akangoja ugeuke, akapakia kama alivyozoea. Kuna siku Bi Kesho alitamani kumlilia.

Jumamosi moja Mwalimu aliwachezesha mchezo. Aliwapanga kwenye mstari, wa kwanza muuza duka, wa pili muuzaji wa jumla, anayefuata mwenye ghala, wa mwisho kiwanda, na vizibo vya soda vikawa ndiyo bidhaa. Kila mmoja alimwagiza aliye nyuma yake kwa kikaratasi, na hakuna aliyeruhusiwa kusema. Dakika alikuwa wa jumla, naye akawa ghala. Dakika aliongeza vizibo kidogo juu ya alivyohitaji, asije akapungukiwa. Yeye akaongeza kidogo juu ya vile vya Dakika. Mchezo ulipokwisha, kijana aliyekuwa kiwanda alikuwa amefunikwa na vizibo hadi magotini, ilhali mteja wa mwanzo hakuwahi kubadilisha haja yake. Darasa zima lilicheka mpaka machozi.

"Hapa hakuna mwongo mkubwa," Mwalimu alisema. "Kila mmoja ameongeza kidogo tu, kwa hofu ya jirani yake."

Wao wawili walicheka kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyejifunza kitu.

Siku hiyo Dakika alimsindikiza mpaka kituoni, Jumamosi iliyofuata akamsindikiza hadi mlangoni kwake, na baada ya hapo haikujulikana nani anamsindikiza nani. Simu zilianza asubuhi na mapema. Dakika alimwita mpenzi, akamwita roho yangu, akikasirika humwita Bi Kesho kwa jina lote. Kosa la Bi Kesho lilikuwa moja, nalo alilijua: hakuwahi kuwahi. Dakika husimama nje ya mkahawa, shati limenyooka, akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko njiani."

"Njiani gani? Nasikia redio yako ya chumbani."

"Nayo iko njiani."

Lakini siku hizo mambo yakaanza kuwa mazuri. Kila alipofika mahali pa miadi, nusu saa nyuma ya wakati kama kawaida yake, alimkuta Dakika naye ndiyo kwanza anavuka barabara. "Hata mimi ndiyo nafika," husema, na kumpa mkono. Bi Kesho aliliona hilo kuwa dalili njema. Mtu aliyesifika kwa dakika zake ameanza kulegea kwa sababu ya mapenzi, alifikiri, nao wanakutana katikati. Akamsimulia hata shangazi.

Kazi ya hosteli ikawadia, jengo la kwanza. Matroni wa hosteli, mwanamke mkavu asiyependa maneno, alimpa siku na saa ya kupokea mzigo, na lori likaagizwa kutoka yadi ya Dakika. Dakika naye akaja na habari zake: mama yake alitaka kumwona, siku ile ile ya mzigo. Angepika mwenyewe.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi," Dakika alisema bila kumtazama, akichezea funguo. "Na mzigo wako wanautaka saa ngapi?"

"Saa tano," naye alisema.

Walitazamana, wakashikana mikono juu ya meza. Siku itabana, walikubaliana, lakini itatosha.

Asubuhi ya siku yenyewe Bi Kesho aliamka kabla ya jogoo. Aliapa kwamba leo, leo tu, hatachelewa. Mama wa mtu ni mama wa mtu. Alivaa gauni la manjano lenye mikono mifupi, akafunga kilemba kilichochukua subira yote aliyokuwa nayo, akapita ghalani. Lori la Dakika lilikuwa limeshafika, kwa kuwa aliambiwa mzigo unatakiwa saa tano. Alimwita Mnyapara kando. Vitanda vitashuka kwanza, alimwambia, vipandishwe ghorofani na kufungwa, ndipo magodoro yafuate. Kwa hiyo magodoro yaingie ndani kabisa na vitanda vikae mlangoni. Alimwambia mara ya pili. Mnyapara alikubali kwa kichwa.

Siku nyingine yoyote angesimama pale mpaka turubai lifungwe. Aliangalia saa, akaona akisimama atachelewa, akaondoka.

Saa nne kamili alikuwa mlangoni kwa mama yake Dakika, pumzi zikimwenda juu juu, fahari imemjaa. Aliyefungua mlango alikuwa mama mwenyewe, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine umesimama wima, kitana kimechomekwa kati. Nyuma yake jirani alishika kiti cha kusukia. Sakafu ilikuwa maji matupu na viti vyote vimepinduliwa juu ya meza.

"Karibu, mwanangu," mama alisema, akijaribu kujifunika kwa mkono. "Mbona tulisema saa saba? Au nimesikia vibaya?"

"Aliniambia saa nne, mama."

"Ah, yule mtoto." Mama alicheka kwa wema, naye hakujua jinsi maneno yake yanavyomkata. "Aliniambia wewe ni wa kusogezewa saa mbele. Ati ukiambiwa saa saba utatokea jioni. Ndivyo anavyofanya siku zote. Usimjali, keti, keti hapo penye ukavu."

Aliketi. Aliketi penye ukavu na gauni lake la manjano, na miadi yote ya miezi ile ikampitia kichwani mmoja mmoja: mkahawani, kwenye bustani, mbele ya sinema. Hata mimi ndiyo nafika. Kumbe hakuna aliyekuwa amelegea. Kila mara alipimwa, akakatiwa saa yake, kama mtoto anayefichiwa sukari. Uso ulimwaka moto. Saa tano ilipita akiwa bado anatafuta maneno ya kuaga kwa adabu, ndipo simu ikalia mkobani, na nje mvua ikaanza kudondoka kwenye mabati.

Alikuwa Matroni.

"Mzigo wako uko uani kwangu," Matroni alisema.

"Umefika? Afadhali."

"Afadhali ipi? Mimi na wewe tulisema saa tisa. Mafundi wa rangi wako ndani, ngazi zote mbichi. Dereva anasema aliambiwa saa tano na ana safari nyingine. Wameteremsha magodoro chini, na hii mvua unaisikia."

Naam, ilikuwa saa tisa. Saa tisa alasiri ndiyo aliyopewa na Matroni tangu mwanzo, na saa tano aliitunga yeye mwenyewe, pale mezani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dakika. Malori yote aliyoyajua huchelewa, akafikiri, tuongeze kidogo. Matroni aliendelea kusema, lakini yeye alikuwa ameshasimama na viatu mkononi.

Alipofika hosteli, uani palikuwa pamejaa. Magodoro yalikuwa yamelazwa juu ya saruji, nailoni zimepasuka pembeni, maji yakitafuta njia ya kuingia. Vitanda vilikuwa bado ndani ya lori, ndani kabisa, vizito kwanza, kama Mnyapara alivyozoea. Angekuwepo yasingetokea. Dakika alikuwa ameshafika. Alikuwa akiburuta turubai peke yake, shati jeupe limemgandama mgongoni. Alipomwona akasimama.

"Nilijua uko ghalani unasimamia," alisema.

"Ningekuwa ghalani vipi na wewe umeniita kwa mama yako saa nne?"

"Nilijua utakwenda saa saba."

"Ulijua." Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kwa hiyo mimi nikiambiwa, siambiwi. Nasogezwa. Ungeniambia umechoka kunisubiri ningesikia. Leo nimewahi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimewahi kwa ajili yako, na hili ndilo nililolipata."

"Sikutaka mama akungoje. Nilikosea." Alijifuta maji usoni. "Lakini mbona Matroni anasema saa tisa?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Alipaona, kama mlango ulioachwa wazi. "Usibadilishe mazungumzo," akasema. "Na usinipigie simu tena." Akampa kisogo, akainama kuokota godoro lililolowa, na lilikuwa zito mno kwake.

Shangazi hakupiga kelele. Alipita kati ya magodoro yaliyoanikwa ghalani, akayabonyeza kwa fimbo, na Bi Kesho alipomweleza kwamba lori lilikuja mapema bila kutakiwa na kwamba mpangaji wake ni mtu asiye na maana, akabonyeza jingine. Jengo la pili lilikuwa limebaki. Matroni angelipokea kwa kuwa chuo kilikuwa kinafunguliwa na hakuwa na pa kwenda. Mtu wa saruji angekuja kupima sakafu mwisho wa mwezi.

"Hilo la pili nitakuja mwenyewe kulitazama," shangazi alisema.

Zikafuata siku mbaya. Alifanya kazi kama mtu anayepigana. Alibishana na mafundi, akabishana na mashine ya kushonea vitambaa, akabishana na simu isiyolia, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeikataza kulia. Alimkumbuka mtu yule kwa vitu vidogo vya kijinga, mlio wa funguo, jinsi alivyokuwa akipuliza chai isiyo moto. Halafu hukumbuka saa nne, akakasirika upya. Na chini ya hasira zote hizo kulikuwa na saa tano yake, imetulia, inamtazama, naye kila siku akijifanya haioni.

Darasani Dakika alihamia mstari wa nyuma. Jumamosi ya marudio Mwalimu alirudia masomo yote kwa maswali, akifika kwa kila mtu, na alipofika kwake akavaa miwani.

"Ule mchezo wa vizibo. Nani alikosea?"

"Hakuna, mwalimu." Alisimama. "Yaani wote. Kila mmoja aliongeza kidogo kwa sababu hakumwamini aliye jirani yake. Na jirani naye hakumwamini, akaongeza. Kwa hiyo mwishoni hakuna aliyejua haja ya kweli ilikuwa kiasi gani."

"Dawa yake?"

Alijua jibu. Alikuwa amelikariri. Darasa zima likageuka kumtazama.

"Kuambiana," akasema, akaketi.

Alimsubiri getini. Dakika alitoka wa mwisho, akamwona, akapunguza mwendo. Alikuwa amekonda kidogo, au labda shati ndilo halikupigwa pasi.

"Saa tano ilikuwa yangu," Bi Kesho alisema kabla ya salamu. "Matroni alisema tisa. Niliongeza kwa kuwa nilidhani lori lako litachelewa kama mengine."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uani."

"Na hukunisema? Nimekutukana mbele ya wapakiaji, nimekuchongea kwa shangazi, na hukusema?"

"Ningesema nini, na mimi nina saa nne yangu mfukoni?"

Walisimama kando ya geti, wanafunzi wakiwapita. Ndipo Bi Kesho aliposema lile lililokuwa likimkosesha raha kila siku. Lau kila mmoja angetaja saa yake ya kweli, siku ile ingetosha. Angesimamia lori likipakiwa asubuhi. Saa saba angekula kwa mama. Saa tisa angekuwa hosteli, rangi imekauka, mvua imekwisha. Siku ilikuwa na nafasi ya mambo yote, ila wao ndio walioibana. Dakika alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa chini.

"Mimi niliogopa kukuambia unanichosha ukichelewa," alisema. "Niliona rahisi kukuhesabu kuliko kukuambia."

"Na mimi nachelewa kweli. Usifikiri nitapona."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Najua hilo pia."

"Nakuagiza lori tu. Alhamisi, hosteli, saa tisa."

Dakika aliinua macho. "Saa tisa ya kweli?"

"Ya kweli."

Alipotoka hapo alipita kwa shangazi, akamwambia kwamba yule mpangaji si mtu asiye na maana, na kwamba saa iliyoharibu kazi ilikuwa ya kwake mwenyewe. Shangazi aliuliza kama kuna chai.

Alhamisi alisimama nyuma ya lori tangu mwanzo hadi mwisho, suruali ya kazi, kitambaa kichwani. Magodoro yaliingia kwanza. Mnyapara alinung'unika kuwa hajaona lori la namna hiyo tangu azaliwe, naye akamjibu kwamba leo ataliona, akaliangalia kila godoro mpaka kitanda cha mwisho kikafungwa kamba mlangoni. Dakika akapanda kando ya dereva. Yeye akatangulia hosteli.

Matroni alikuwa uani na vijana wake wa kubeba. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, fimbo kati ya magoti. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya jengo kama yaliyoalikwa. Saa tisa ilikaribia, na hapakuwa na lori. Matroni alitazama saa yake kwa namna ya kuonekana. Bi Kesho alichungulia barabara kupitia geti. Moyoni alikwisha kujilaumu: angesema saa nane, sasa hivi lingekuwa hapa.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" akauliza.

Kulikuwa na kimya kifupi, na alikijua kimya hicho, maana yeye mwenyewe alikuwa amekikalia mara nyingi. Ndani yake neno "njiani" huenea vizuri kabisa, na "nimekaribia", na "niko hapo kona".

"Bado niko mbali," Dakika alisema. "Tumepata pancha. Tumebadilisha tairi, lakini foleni imetushika. Nitafika saa kumi."

"Saa kumi."

"Sio kabla ya hapo. Nisamehe, mpenzi. Nimechelewa."

Alikasirika. Lazima isemwe, alikasirika mpaka masikio yakamwaka. Na papo hapo kitu kilichokuwa kimemkaba tangu asubuhi ya gauni la manjano kikamwachia, akajikuta amesimama uani, mbele ya shangazi yake, macho yamemjaa machozi kwa sababu mwanamume amemwambia yuko mbali.

Akaenda kwa Matroni. "Lori limepata pancha. Litafika saa kumi."

"Saa kumi, au unaniambia tu?"

"Saa kumi."

Matroni alimpima kwa macho. Kisha aliwageukia vijana wake, akawatuma waende wakafute sakafu za juu na kupata chakula, warudi saa kumi. "Hiyo naweza kuipanga," akasema.

"Ungemwambia limekaribia," shangazi alisema kutoka kitini. "Watu wangebaki hapa hapa."

"Halijakaribia, shangazi."

Lori liliingia getini saa kumi ikigonga. Vitanda vilishuka kwanza, vikapanda ghorofani, na milio ya spana ikasikika madirishani. Magodoro yakafuata, makavu, moja baada ya jingine. Mawingu yalikaa juu mpaka la mwisho likaingia, na hata baada ya hapo hayakunyesha. Yalikuwa yamewatisha bure. Matroni alitia saini bila kusema asante, na kwa Matroni hiyo ilikuwa pongezi.

Shangazi aliinuka taratibu. Alisema mtu wa saruji ameshaambiwa mengi na hawezi kumrudisha mikono mitupu; atampa upande wa nyuma wa ghala. Upande wa mbele, wenye mlango mkubwa na ofisi, ubaki kwa mwenyewe.

"Mwenyewe nani?" Bi Kesho akauliza.

"Wewe unaona nani hapa?" Shangazi alishika njia na fimbo yake. "Jina hilo lako nalo ulitafutie dawa."

Nusu ghala. Alitaka lote, na moyo ulimuuma kwa ile nusu iliyokwenda, mahali penyewe alipokuwa akilala juu ya magodoro. Alisimama akiuma mdomo. Dakika alikuja akasimama kando yake, shati jeupe lina grisi ya tairi kifuani, mikono myeusi hadi viwiko.

"Mama anauliza," alisema.

"Anauliza nini?"

"Lini yeye na wazee waje kwa shangazi yako, wazungumze habari zetu. Kama utakubali wazungumze." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nilifikiri Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

Alimtazama usoni, akingoja ile saa nyingine inayokaa nyuma ya saa. Alingoja kwa makusudi, na Dakika akavumilia kutazamwa. Hapakuwa na saa nyingine.

"Jumapili saa kumi nitakuwa bado nasukwa," akamwambia. "Nakwambia kabisa."

"Basi waje saa kumi na moja."

"Hapana, waje saa kumi." Alichomoa kitambaa kichwani, akamfuta grisi shavuni, ikasambaa zaidi. "Mama yako nilimkuta nusu kichwa. Naye anikute hivyo hivyo."